Shangazi na Tangazo la Tatu

Chumba cha Shangazi kilikuwa na dirisha, tusije tukamwonea kaka yake bure. Dirisha lilikuwepo, tena pana, lenye vioo vizima. Tatizo ni kwamba nje yake, karibu kiasi cha kuligusa kwa mkono, lilisimama tangi jeusi la maji ambalo kaka aliliweka hapo kwa muda tu, na huo muda ukaota mvi. Basi Shangazi alishona sare za shule mchana kweupe kwa taa ya umeme. Akitaka kujua kama mvua inanyesha, alisubiri mtu apite amuulize.

Msidhani alinung'unika. Thubutu! Alikuwa na neno moja alilomwambia kila mtu, nalo ni "haya". Shangazi, nipunguzie sketi hii kiuno. Haya. Shangazi, marinda yamekaa upande, fumua yote. Haya. Shangazi, leo tuna wageni. Haya, naye ameshainjika sufuria. Neno lenyewe lilimtoka kabla hajajua ameulizwa nini, na watu wa mji ule, kama walivyo watu wa kila mji, walimpenda sana kwa sababu hiyo na wakamtumia mpaka basi.

Alikuja pale siku wifi yake alipofariki, mtoto wa mwisho akiwa bado ananyonya. Alikuja na begi moja, akae msibani mpaka watu watawanyike. Watu wakatawanyika, yeye akabaki. Akawalea wale watatu kama aliowazaa. Sasa wa kwanza alikuwa na kazi na nyumba yake, wa pili yuko chuoni, na yule aliyekuwa wa kunyonya ni msichana anayemzidi shangazi yake urefu, anasoma shule ya bweni. Nyumbani walibaki wawili, Shangazi na kaka yake, ambaye mji ulimwita Bwana Mizani kwa kuwa alipima magunia kwenye ghala la nafaka. Na kwa jinsi watoto walivyomzoesha, kaka mtu naye, aliyetoka naye tumbo moja, alimwita Shangazi.

Bwana Mizani alikuwa mtu mwema, na hapo ndipo penye ugumu wenyewe. Angekuwa katili, mtu angekusanya vyake akakimbia. Huyu alikuwa mcheshi, mkarimu, mwenye kicheko cha kusikika mtaa wa pili, na alimsifu dada yake kila alikopita. "Shangazi wetu yule? Bila yeye tungeshazikwa!" Sasa utamkimbiaje mtu wa namna hiyo? Utaanzia wapi?

Halafu cherehani ikaanza kuruka mishono.

Fundi aliyeitwa alikuwa mwanaume mrefu, mkimya, aliyefiwa na mke siku nyingi, aliyezunguka mji na kisanduku cha bisibisi na kopo la mafuta. Wote walimwita Fundi Cherehani. Akaitengeneza. Wiki iliyofuata akarudi kuangalia kama imetulia. Imetulia. Akarudi tena. Safari hiyo akafungua kifuniko, akachungulia, akafunga, akafungua tena, jasho likimtiririka utadhani anabeba tofali.

"Shangazi," akasema, "cherehani hii haina ubovu. Mbovu ni mimi. Nimepata kazi mji mwingine, kwenye kiwanda cha nguo, mashine zao zote zitakuwa chini yangu, na nyumba wananipa. Sitaki kwenda peke yangu. Nataka kukuoa, kama utanikubali."

Domo zege kama lile, likatoa yote hayo kwa mkupuo mmoja! Shangazi alikuwa na mguu kwenye pedali na kola ya shati mkononi.

"Haya," akasema.

Fundi alipotoka, Shangazi aliishona ile kola ndani nje, akaifumua, akaishona tena ndani nje. Alikuwa na furaha, jamani, tuseme ukweli. Alikuwa na furaha mpaka akaona aibu, mtu mzima kama yeye, kucheka peke yake mbele ya tangi la maji.

Furaha hiyo ilidumu mpaka saa ya chakula. Alipomweleza kaka yake, Bwana Mizani kwanza alicheka. "Nani? Yule wa bisibisi?" Alicheka mpaka akapaliwa. Alipoona mwenzake hacheki, akaweka kijiko chini.

"Watoto wakirudi likizo watamkuta nani humu?"

"Watoto wamekua, kaka."

"Na huko unakokwenda unamjua nani? Huyo fundi akikuchoka? Akifa? Umri huu ndio wa kuanza kujifunza ndoa?" Akasukuma sahani. "Sikiliza. Siwezi kukufunga kamba. Lakini ukiutoka mlango huu kwa ajili ya yule mtu, usiurudie."

Shangazi akatoa vyombo. Maneno ya kaka yake hayakuwa mageni kwake, maana kila moja alikuwa ameshajiuliza mwenyewe. Hakuwahi kuishi mji mwingine. Hakuwahi kuwa mke wa mtu. Na nyumba ile ndiyo pekee aliyokuwa nayo duniani, na sasa ilitaka kufungwa nyuma yake.

Kanisani kwao ndoa hutangazwa Jumapili tatu mfululizo, na kila mara mzee wa kanisa anayesoma matangazo huuliza kama kuna mwenye pingamizi, asimame aseme. Fundi, mtu wa utaratibu, alikwishapeleka majina. Jumapili ya kwanza mzee akasoma jina la bwana harusi, kisha la bibi harusi, jina kamili la ubatizo, na kwaya nzima ikaanza kunong'onezana: "Ni nani huyo? Mgeni?" Shangazi naye, aliyekaa mbele kabisa kwenye sauti ya pili, alinyoosha shingo kuangaza watu wote, amtafute huyo mwenye bahati. Alipogundua ni yeye, uso ukawaka moto. Vigelegele vikapigwa, watu wakacheka mpaka wakajifuta machozi. Bwana Mizani, kwenye benchi la tatu, hakucheka wala hakugeuza shingo.

Wiki ile akasusa chakula. Bwana Mizani kususa chakula ni habari ya kusomwa redioni. Sahani ilirudi jikoni kama ilivyokwenda, na Shangazi akaila baridi, amesimama, bila hamu.

Jumapili ya pili ikapita bila mtu kusimama, na kaka akageuza gia. Ikawa mapenzi sasa. Akamnunulia pasi mpya. Akamsifia mchuzi. Siku moja akaleta mtu mwenye futi ya kupimia, wakazunguka nyuma ya nyumba, na Shangazi akiwa ndani akawasikia wanazungumza: tangi linaweza kuhamishwa hadi upande wa pili, ni kazi ya asubuhi moja tu. Asubuhi moja! Akaweka mkasi chini. Kumbe siku zote hizo ilikuwa kazi ya asubuhi moja. Lilimchoma jambo hilo kuliko kususiwa chakula, akakaa amelikodolea macho tangi na machozi yakamtoka.

Kuomba alikuwa akiomba, tena sana. Alipiga magoti katikati ya kitanda na cherehani, mahali pembamba ambapo miguu ilibidi iingie chini ya meza, na ombi lake lilikuwa lilelile: "Bwana, kama si mapenzi yako, funga njia." Siku nyingine alimsaidia Mungu kwa mapendekezo. Kile kiwanda kiungue kidogo, bila mtu kuumia. Fundi apate homa, isiyoua, ila ndefu. Kisha anaona aibu, anaomba msamaha, kesho yake anarudia.

Ijumaa ilikuwa zamu yake kufua vitambaa vya madhabahu pamoja na Mama Mchungaji, mwanamke mnene, mwenye ulimi mkali na moyo laini. Walikuwa wanakamua kitambaa kimoja, kila mtu na ncha yake.

"Umenyong'onyea," Mama Mchungaji akasema. "Bibi harusi gani wewe?"

"Bado naomba, Mama."

"Unaomba nini?"

"Mungu anionyeshe."

"Akuonyeshe nini tena? Amekuletea mwanaume mpaka kwenye cherehani! Unataka amfungie utepe?"

Shangazi akacheka, kisha kicheko kikageuka kilio, hivihivi, mikono yote miwili ikiwa na povu. Akamweleza kila kitu: mlango wa kaka, mji asioujua, ile homa aliyomwombea mtu wa watu. "Nimebanwa, Mama. Nyuma siwezi kurudi nikawa kama zamani, nimeshaonja. Mbele naogopa. Nimesimama tu."

Mama Mchungaji akaachia ncha yake, akakaa juu ya ndoo iliyofudikizwa.

"Wale watu wa Musa pale baharini walikuwa hivyohivyo," akasema. "Jeshi nyuma, maji mbele. Wanalia, Musa naye anaomba. Na Mungu akamwuliza unalilia nini, waambie waende. Sasa mimi huwa najiuliza, Shangazi, pale walipoambiwa waende, maji yalikuwa yamegawanyika?"

Shangazi akafikiri. "Bado."

"Bado! Maji yalikuwa maji. Ungekuwa wewe ungesema, Bwana, gawanya kwanza, ukaushe, utandike na mkeka." Akachukua tena ncha ya kitambaa. "Unamwomba Mungu afunge njia kwa sababu ikifungwa hutalazimika kutembea. Kamua hapo, panadondoka."

Maneno yale yalimwingia Shangazi, akarudi nayo nyumbani akiyatafuna. Lakini kuelewa jambo ni kitu kimoja na kuliweza ni kingine, na Jumamosi ilithibitisha hivyo.

Maana Jumamosi mchana Bwana Mizani aliingia chumba cha nyuma, jambo ambalo hakulifanya mara nyingi, akaondoa rundo la sketi kwenye kigoda, akakaa. Hakuwa mkali. Alikuwa mpole mpaka inatisha.

"Mimi sitaki kukuaibisha," akasema. "Ningeweza kusimama kesho nikaweka pingamizi. Sitasimama. Simama wewe mwenyewe. Sema umefikiri upya, basi. Hakuna atakayekucheka. Tutarudi nyumbani, tutakula, yataisha. Au siyo, Shangazi?"

"Haya, kaka."

Ndiyo. Alisema hivyo! Mtu unaweza kumkamata ukamtikisa. Bwana Mizani akamshika bega, akatoka akipiga mluzi, na Shangazi akajipiga kibao mdomoni kwa hasira. Sasa alikuwa na haya mbili kwa watu wawili, na zote mbili haziwezi kuwa kweli. Alikaa mbele ya cherehani akashindwa hata kutunga uzi kwenye sindano.

Jumapili akaenda kanisani kama mtu anayepelekwa mahakamani. Fundi alikuwa nyuma, karibu na mlango, ndani ya koti lililombana mabegani. Kaka yake alikuwa benchi la tatu. Kwaya ilikaa mbele, ubavuni, ikiwatazama watu, na Shangazi akawa uso kwa uso na wanaume wale wawili, hana pa kuweka macho isipokuwa sakafuni. Aliomba apoteze sauti. Akakohoa kujaribu. Sauti ilikuwepo, safi kabisa.

Hapo lazima mwelewe utaratibu wa kwaya ile. Matangazo yakiisha, mpiga kinanda hugusa noti moja, ting, na wote husimama. Shangazi ndiye aliyekuwa wa kwanza kusimama sikuzote. Wengine walimfuata yeye. Ilikuwa imemkaa mwilini. Angeweza kuwa amesinzia, noti ikagongwa, miguu ikanyooka yenyewe.

Mzee akasoma majina kwa mara ya tatu. Akakunja karatasi, akatazama watu juu ya miwani.

"Kama kuna mwenye pingamizi, asimame aseme."

Kimya. Na katika kimya hicho mpiga kinanda, ambaye masikio yake yalianza kumwacha, akanyoosha mkono kuchukua kitabu chake cha nyimbo, kiwiko kikatua kwenye noti.

Ting.

Shangazi akasimama. Wima, mikono pembeni, mdomo wazi, tayari kuimba. Peke yake.

Kanisa zima likavuta pumzi. Shangazi akatazama kushoto, sauti ya kwanza wamekaa. Akatazama kulia, wamekaa, wamemtolea macho. Ndipo akaelewa alichofanya.

"Shangazi," mzee akasema kwa sauti ndogo. "Wewe mwenyewe?"

Kule nyuma Fundi aliinamisha kichwa. Na kwenye benchi la tatu Bwana Mizani akashusha pumzi ndefu, uso ukafunguka kwa nafuu, akamwitikia dada yake kwa kichwa, taratibu, kama unavyomwitikia mtoto aliyesalimia wageni vizuri.

Kile kichwa! Shangazi alikiona. Hakukuwa na pa kutokea. Kuketi, ameikataa ndoa. Kusema, amemvunja kaka. Akaomba, lakini siyo lile ombi lake la kufunga njia; halikuja hata kidogo. Alisema moyoni tu, Bwana, usiniache hapa peke yangu. Hakusikia sauti yoyote. Woga haukuondoka hata punje. Ila katikati ya woga uleule alijua kwamba ameshikwa mkono, alijua hivyo bila kuweza kueleza anajuaje, na kwamba anaweza kuogopa na bado akasema.

"Mzee, sikusimama kwa pingamizi," akasema. "Nimesimama kwa kinanda."

Watu wakaangua kicheko, mpiga kinanda akiuliza kuna nini. Hapo angeweza kukaa. Yote yangepita kwa utani. Shangazi hakukaa.

"Lakini kwa kuwa nimeshasimama, niacheni niseme," akaendelea, na vicheko vikafa kimoja kimoja. "Jana nilimwahidi kaka yangu kwamba leo nitaikataa ndoa hii. Nilimwambia 'haya'. Kaka, nilikudanganya. Nilikuogopa, na nilikuhurumia. Wiki zote hizi nimemwomba Mungu afunge njia. Hakufunga. Huko niendako sikujui, na hapa nilipo natetemeka, mnaniona. Lakini naolewa na yule pale nyuma. Nimemtaka mwenyewe." Akamgeukia mzee. "Mzee, nimemaliza."

Sijui nani alianza kupiga makofi. Mama Mchungaji, nadhani. Bwana Mizani alisimama, mzee akashtuka akidhani anaweka pingamizi lake, kumbe anatoka. Alipita mlango wa pembeni bila kumtazama mtu. Shangazi akamwona akitoka, na wimbo ulipoanza aliuimba wote huku analia, kwa sababu alimpenda kaka yake na alijua amemuumiza.

Alimkuta nyumbani, amekaa mezani na koti lake na viatu vyake, meza tupu.

"Umenivua nguo mbele ya watu," akasema.

"Kwa hilo nisamehe, kaka. Ningesema jana, humu ndani. Sikuwa na ubavu."

"Na mlango nilishakuambia."

"Uliniambia. Nitakuja kubisha hivyohivyo kila watoto wakifunga shule. Usipofungua, nitapika uani majirani waone."

Mdomo wa Bwana Mizani ulitaka kucheka ukakataa. Akageuza uso ukutani. Shangazi akadhani yameisha, akageuka kwenda kuvua joho la kwaya.

"Na mimi je?" Bwana Mizani akasema.

Shangazi akasimama alipo.

"Watoto wana kwao. Wewe umepata mtu. Mimi nikitoka ghalani narudi kwa nani? Nitacheka na nani?" Sauti ilikuwa ya mtu mdogo, na mkono mkubwa uliobeba magunia ulikuwa unakwaruza ukingo wa meza. "Usiende. Nakuomba."

Lile neno likamjia Shangazi mpaka kwenye meno. Lingemtoka, siku ile ingekuwa kama siku zote. Moyo ulimkatika kwa ajili ya kaka yake, tuseme wazi, kwani kama angekaripia ingekuwa rahisi. Akalimeza lile neno. Akarudi, akavuta kiti, akakaa karibu naye.

"Mwambie Mungu hayo uliyoniambia," akasema.

"Wewe ndiye unayeomba humu ndani. Mimi sijui kuomba."

"Anza na hilo. Mwambie hujui."

Bwana Mizani alimtazama dada yake kuona kama anatania. Hakuwa anatania. Basi akakunja mikono yake mezani, akafumba macho, akafumbua, akafumba tena.

"Mungu," akasema, akaanza upya. "Mungu, dada yangu anaondoka, na mimi naogopa."